Daktari mwenye hisa hospitalini

SWALI: Naishi Texas. Daktari wa mgongo anataka kunipasua katika hospitali ambayo yeye ana hisa. Inaruhusiwa?

JIBU: Inaruhusiwa. Sheria ya Stark ya Marekani humzuia daktari kumpeleka mgonjwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali, kwenye maabara yake mwenyewe, lakini mwenye hisa katika hospitali nzima aliachiwa mwanya. Mwaka 2010 mwanya huo ulibanwa kwa hospitali mpya. Za zamani zinaendelea.

Fuata pesa. Ada ya kupasua ataipata popote. Hisa humpa fungu la pili, kutoka kwenye bili ya chumba cha upasuaji, kitanda na vyuma vya mgongo. Na kwa kuwa Medicare hulipa kiwango kilichopangwa, faida iko kwa mgonjwa mwepesi. Mwenye kisukari na moyo mbovu ni rahisi kuelekezwa kwingine. Kwa hiyo takwimu nzuri za hospitali za namna hii zisome kwa jicho kali, ingawa huenda daktari mwenye mali husimamia ratiba na usafi vizuri kuliko mwajiriwa.

Hospitali inawajibika kukueleza kwa maandishi nani ana hisa, na kama usiku hakuna daktari wa zamu. Dai karatasi hizo. Kisha tafuta maoni ya daktari wa mgongo asiye na hisa, hasa kama hujajaribu mazoezi ya tiba.