Kifafa: Chunga Hewa, Hesabu Dakika

Mtu anapoanguka kifafa, macho ya wengi huishia kwenye mikono na miguu inayotupwatupwa. Mwangalie pia midomo, ufizi na kucha. Vikibadilika rangi na kuwa vya samawati au kijivu, ujue damu yake imepungukiwa oksijeni.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna pa kuweka akiba. Wakati wa kifafa, seli nyingi za neva hufyatua umeme kwa pamoja, na mahitaji hayo hupanda ghafla. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, mishipa ya ubongoni hutanuka. Lakini wakati huohuo misuli ya kifua imekakamaa, pumzi inakatika na mate yamejaa kooni. Damu inafika kwa wingi, ila hewa iliyobeba ni pungufu.

Mara nyingi kifafa hukoma ndani ya dakika 1 hadi 3, na mwili hujirudi wenyewe. Kikipita dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura. Kikikaribia dakika 30, mwili huanza kushindwa: shinikizo la damu hushuka, sukari hupungua na joto hupanda, huku ubongo bado unadai oksijeni. Hapo mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati, hutoa chembe haribifu za oksijeni kupita kiasi. Chembe hizo hushambulia mafuta na protini za seli, kama kutu inavyokula bati, na baadhi ya seli hufa.

La kufanya

- Tazama saa mara tu anapoanza.
- Ondoa moto, visu na vitu vigumu karibu naye. Weka kitu laini chini ya kichwa.
- Legeza kola, tai au mtandio uliobana shingo.
- Mitupo ikitulia, mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje.
- Kaa naye mpaka fahamu zirudi.

La kuepuka

Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Huvunja meno na kuziba njia ya hewa. Usimkandamize. Usimnyweshe maji wala dawa kabla hajazinduka. Kumnusisha kiatu, kitunguu au moshi wa kiberiti hakuzimi kifafa. Na usimkimbie: povu lake haliambukizi kifafa.

Mpeleke hospitali haraka kifafa kikipita dakika 5, kikirudia kabla hajazinduka, akipumua kwa shida, akiwa mjamzito, akiwa ameumia au kama ni mara yake ya kwanza. Mtoto mwenye homa aliyepata degedege naye apelekwe, apimwe pia malaria.

Baada ya kifafa, usingizi na kuchanganyikiwa ni kawaida. Wengine hulegea mkono au mguu wa upande mmoja kwa saa kadhaa, pengine hadi siku 2. Hali hii ikitokea kwa mara ya kwanza, daktari amwone, kwa sababu kiharusi nacho huanza hivyo.

Vitamini zinazosemekana kupambana na zile chembe haribifu za oksijeni hazichukui nafasi ya dawa za kifafa. Fenobabitoni, kabamazepini au dawa nyingine uliyoandikiwa imezwe kila siku, hata ukikaa miezi bila kuanguka. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, kwa hiyo nenda kachukue nyingine kabla haijaisha.