Herufi Kubwa na Jina la Faili: Suala la Tahajia katika Ujenzi wa Tovuti

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba nomino ya pekee huanza kwa herufi kubwa: Kisumu, Mbita, Gwassi. Hata hivyo, anayekuta "kisumu" hutambua ni mji ule ule, ila tahajia imekosewa. Tarakilishi haina hisani hiyo. Katika msimbo wa ASCII, K ni 75 nayo k ni 107. Hizo ni alama mbili zisizo na undugu, kama zilivyo k na m.

Utata huzuka kwa kuwa mifumo ya uendeshaji haikubaliani. Windows huhifadhi jina kama lilivyoandikwa, lakini kwa kawaida haitofautishi herufi hizo inapotafuta faili. Linux, ambayo huendesha seva nyingi za wavuti, hutofautisha.

Chukua mfano wa wanafunzi wanaojenga tovuti ya visakale vya Waluo wa kando ya Ziwa Victoria. Kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay linalosemekana kukimeza kijiji kilichomnyima ajuza hifadhi, kimerekodiwa katika faili iitwayo Simbi.mp3. Mwandishi wa programu ameandika simbi.mp3. Kwenye tarakilishi yake ya Windows sauti yasikika barabara. Tovuti ikihamishiwa kwenye seva ya Linux, msikilizaji hupokea ujumbe wa 404, yaani faili haikupatikana. Ipo, ila imeitwa kwa jina lisilo lake.

Upande wa pili una hatari kubwa zaidi. Katika Linux, Nyamgondho.mp3 na nyamgondho.mp3 huweza kukaa folda moja, kila moja ikiwa na msimulizi wake wa kisa cha yule mvuvi wa Gwassi. Zikinakiliwa kwenye Windows, moja huweza kuchukua nafasi ya nyingine. Ikiwa hapakuwa na nakala, na msimulizi amekwisha kufariki, usimulizi huo haurudi.

Aghalabu wajenzi wa tovuti hutumia herufi ndogo pekee na kistari badala ya nafasi: simbi-nyaima.mp3. Kanuni za tahajia hazivunjwi hapo, maana anwani aionayo msomaji ukurasani hubaki Simbi Nyaima. Kiambishi cha mwisho nacho kiangaliwe, kwani kamera nyingi huandika .JPG. Wanaotumia Git kwenye Windows hubadilisha jina kwa amri ya git mv, kwa sababu badiliko la ukubwa wa herufi pekee huweza kupita bila Git kulitambua.