Gata Iliyokwisha Haitengenezwi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kabla ya Novemba

Kuanzia Mitundu, kusini mwa Lilongwe, hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, nchini Malawi, nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali mabichi yaliyounganishwa kwa udongo. Tofali la namna hiyo huvumilia jua miaka mingi, lakini likilowa sana hurudi kuwa tope. Kwa hiyo shika jambo moja kwanza: gata mbovu ni mbaya kuliko kukosa gata kabisa. Paa lisilo na gata hudondosha maji kidogo kidogo ukingo mzima. Gata yenye matundu huyakusanya maji ya paa na kuyamwaga mahali pamoja, kwenye ukuta uleule, kila mvua inaponyesha. Ama ifanye kazi, ama ing'olewe.

FANYA

1. Kagua Septemba au Oktoba. Mvua huanza Novemba, hukolea Januari na Februari, na huisha karibu na Aprili. Anayepanda ngazi Januari hakagui tena, anaomboleza.

2. Safisha kwanza, ndipo uhukumu. Majani na vumbi la kiangazi huficha kutu, na wakati mwingine gata inayofurika imeziba tu.

3. Tumia msumari. Ubonyeze kwa mkono, bila nyundo, kwenye sakafu ya gata, kila baada ya hatua moja. Bati zima halipenyeki. Ukipenya mahali pamoja, ziba. Ukipenya mahali patatu katika kipande kimoja, kipande hicho kimekwisha, kibadilishe.

4. Mimina ndoo ya maji upande wa juu. Yakituama katikati, tazama vishikio: vikiwa vimelegea, vikaze na uipe gata mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Ikiwa bati lenyewe limepinda na vishikio ni imara, nunua jingine.

5. Gonga ubao unaobeba gata. Ukilia kama kitu kitupu ndani, mchwa wameshaumaliza. Badilisha ubao kwanza. Gata mpya iliyofungwa kwenye ubao ulioliwa itaanguka siku itakapojaa maji.

6. Kagua na ukuta. Michirizi ya unyevu, rangi iliyobambuka na shimo kwenye msingi chini ya kiungo cha gata ni ushahidi wa msimu uliopita, hata kama gata kwa juu inang'aa.

7. Piga hesabu ya maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 5 kwa 6 likipata milimita 20 hutoa lita 600. Uliyeongeza chumba na paa lake, gata yako ya zamani inaweza kuzidiwa ingawa haina kutu. Weka pana zaidi.

USIFANYE

1. Usirundike viraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Lakini kwenye gata iliyooza, kuziba na kuziba tena ndiko kutakakokujengesha ukuta.

2. Usipake lami wala oili chafu ndani ya gata inayojaza pipa la maji ya kunywa.

3. Usipoteze fedha kufunga gata kwenye paa la nyasi. Refusha ukingo wa paa, inua baraza, chimba mtaro.

4. Usimwelekezee jirani maji yako. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na nyumba zimebanana. Bomba lako likiishia kwenye msingi wa mwenzio, umeuhamisha uharibifu, hujauondoa. Peleka maji mtaroni, na mtaro huo uchimbeni pamoja.

5. Usikinge maji ya mvua ya kwanza kwa kunywa. Yaache yaoshe paa na gata. Baada ya hapo kinga, na ufunike pipa ili mbu wasizaliane humo.

6. Mpangaji, usinunue gata kabla ya kupatana na mwenye nyumba. Andikianeni nani analipa na gata ni ya nani ukihama.

7. Usipande ngazi ukiwa peke yako, wala bati likiwa limelowa, wala karibu na waya za umeme.

Fedha zikitosha kipande kimoja tu, anza na kilicho juu ya ukuta wa chumba wanacholala watoto. Vingine vibovu usiviache vikining'inia kwa matumaini ya mshahara ujao: vishushe kabla ya Novemba, kisha chimba mtaro chini ya ukingo wa paa. Kazi hiyo haihitaji fedha, inahitaji jembe.