Siri ya Mwanafunzi ni Amana: Je, Mpaka Wake ni Upi?

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mwalimu uliyekabidhiwa kazi ya kuwashauri wanafunzi. Mtoto anakujia baada ya masomo na kusema: "Mwalimu, nitakuambia jambo, lakini uniahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote." Je, utaahidi?

Uislamu wafundisha kwanza kwamba siri ni amana, na Kurani Tukufu (4:59) yaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Hadhrat Anas r.a., alipokuwa mtoto akimtumikia Mtume s.a.w., alitumwa shughuli ya siri, akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake alipomwuliza, alijibu kwamba hiyo ni siri ya Mtume. Mama hakumlazimisha, bali alimhimiza asimwambie yeyote. Basi mshauri anayesimulia habari za mtoto katika chumba cha walimu amefanya hiana.

Lakini amana hiyo ina mpaka. Katika Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud, Mtume s.a.w. alieleza kwamba mazungumzo ya baraza ni amana, isipokuwa yanayohusu mambo matatu: kumwaga damu isivyo haki, zinaa, na kunyang'anya mali. Tena Kurani Tukufu (28:21) yamtaja mtu aliyekuja mbio kumwonya Nabii Musa a.s. kwamba wakuu wanashauriana kumwua. Je, huyo alikuwa msaliti? La, aliokoa roho.

Mwaka 1969 huko Berkeley, Marekani, mwanafunzi mmoja alimfunulia mshauri wa chuo kikuu kusudi lake la kumwua msichana. Polisi wa chuo waliarifiwa, wakamshika kwa muda mfupi, kisha wakamwachilia. Msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, hakuonywa, wala wazazi wake, akauawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mshauri ana wajibu wa kumlinda aliye hatarini. Mafundisho ya Uislamu yalikwisha uonyesha mpaka huo zaidi ya karne kumi na tatu kabla.

Kwa hiyo usiahidi bila mpaka, kwani ahadi hiyo yaweza kukulazimisha ama kuivunja, ama kumwacha mtoto aangamie. Mwambie kabla hajaanza: "Nitaitunza siri yako, lakini uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, au ukiwa unadhulumiwa, nitamwambia awezaye kusaidia." Ikibidi kusema, mjulishe mtoto kwanza, mwambie yule tu awezaye kuokoa, wala usizidishe neno. Na kama mdhalimu ni mtu wa nyumbani kwake, usimpelekee yeye habari hizo.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa walinzi wa amana na wa roho pia. Amin.