Kutafuta Kazi Baada ya Miaka 45: Namna ya Kuuondoa Umri Njiani

Nyumbani na barazani, kuitwa "mzee" ni heshima. Kwenye geti la kiwanda saa kumi na mbili asubuhi, neno hilo hilo linaweza kumrudisha mtu nyumbani kabla hajaulizwa anachojua. Wakazi wengi wa Noonkopir na Kitengela kwa jumla hutafuta riziki katika viwanda vya saruji na eneo la EPZ la Athi River, ng'ambo kidogo ya mpaka wa kaunti, au katika maduka, maghala na mijengo kando ya barabara ya Namanga. Mtu akipoteza kazi akiwa na miaka 48, karo na kodi ya nyumba havimngojei. Somo hili linaeleza haki zake na hatua anazoweza kuchukua.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na umri umetajwa humo waziwazi. Katazo hilo linaihusu Serikali na pia mtu binafsi. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki katika mambo ya kazi.

Hata hivyo, si kila tangazo lenye kikomo cha umri ni kosa. Kifungu cha 55 kinaitaka Serikali iwasaidie vijana kupata ajira, na kwa mujibu wa Katiba kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajafika 35. Mwananchi anayeamini amebaguliwa anaweza kumwona afisa wa leba, au kupeleka malalamishi kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Shida ni kwamba anayekataliwa aghalabu haelezwi sababu. Ndiyo maana inafaa kuijibu hofu ya mwajiri mapema, na jibu bora ni ushahidi wa kazi.

Hatua ya 1: Kukusanya vyeti vya utumishi

Sehemu ya 51 ya Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa aliyefanya kazi kwa chini ya wiki 4 mfululizo. Cheti hicho huonyesha aina ya kazi, mahali ilipofanyiwa, na tarehe za kuanza na kumaliza. Mwajiri halazimiki kuandika barua ya sifa, lakini cheti hiki ni haki. Wengi huondoka bila kukiomba, na miaka 10 ya jasho inabaki maneno matupu.

Hatua ya 2: Kuupa ujuzi cheti

Fundi wa kuchomelea vyuma, mwashi au mshonaji aliyejifunza kazi kwa mikono anaweza kufanya mtihani wa gredi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ambayo ina kituo Athi River. Kuna gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Cheti cha karibuni humwonyesha mwajiri kwamba ujuzi huo ungali hai.

Hatua ya 3: Kuandika wasifukazi upya

Wasifukazi, au sivii kama wengi wanavyouita, si kitambulisho. Hauhitaji tarehe ya kuzaliwa, idadi ya watoto wala mwaka wa kumaliza shule ya msingi. Kazi za miaka 10 hadi 15 iliyopita zitangulie, na kila moja ionyeshe matokeo: watu wangapi walisimamiwa, mashine gani zilitumiwa. Kurasa 2 zinatosha. Lakini umri usidanganywe kamwe. Kitambulisho kitaonyeshwa siku ya kuajiriwa, na uongo mmoja hufuta uaminifu wa miaka yote.

Hatua ya 4: Kujiandaa kwa mahojiano

Hofu za mwajiri hujulikana. Akiuliza, "Utaweza kuongozwa na msimamizi wa umri wa mwanao?", jibu zuri ni mfano wa kweli wa jambo ambalo mwombaji alifundishwa na mdogo wake kazini. Akihofia teknolojia, mwombaji aeleze anavyotumia simu kuweka hesabu au kutuma ripoti. Asiyejua ajifunze kabla ya siku hiyo. Akidhani mzee hatakaa, akumbushwe kwamba watumishi wengi wa umma hustaafu wakiwa na miaka 60. Kwa kipimo hicho, mtu wa miaka 48 ana miaka 12 mbele yake. Na akitaja mshahara, mwombaji awe tayari anajua kazi hiyo hulipwa kiasi gani sasa.

Zoezi la nyumbani

Mwombaji achukue karatasi na kuandika kila mahali alipofanya kazi tangu 2010. Kando ya kila jina aandike kama ana cheti cha utumishi. Pale ambapo hana, aandike barua fupi ya kukiomba wiki hii, abaki na nakala, na aende nayo mwenyewe. Akikataliwa, nakala hiyo ndiyo atakayomwonyesha afisa wa leba.