Yai la Mtoto
Ndugu, mtoto aliyeachishwa maziwa akivimba miguu na nywele zake zikawa nyekundu, usidhani amerogwa. Muhogo umemshibisha tumbo, lakini haukumjenga mwili. Mlete hospitali upesi.

Ili wengine wasiugue hivyo, lima hata shamba lako kavu. Panda kunde; zinavumilia jua, na majani yake huliwa pia. Funika udongo kwa nyasi kavu, ili jua lisinyonye maji. Zungusha ua wa matete, kuku wasiparue. Mavi yao yaache yaoze kwanza, maana mabichi huunguza mimea. Kisha yachanganye na udongo.

Na mayai? Usiyauze yote kwa kununua chumvi na sabuni. Chemsha moja hata likaze, umpe mtoto. Ndivyo tunavyomshukuru Mungu aliyetupa watoto.