Nguvu za Kubebea Ndoo na Gunia

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mama wa Butiama anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani amebeba kilo 20, hapo mtoto aliye mgongoni hatujamhesabu. Mwaloni Musoma vijana wanashusha magunia ya dagaa, na Bunda msimu wa pamba ukifika kuna mtu wa kupakia lori. Mkoa wetu unabebwa na migongo ya watu.

Ukimwambia mtu kama huyo afanye mazoezi, atakujibu: “Nalima, nateka maji, mazoezi ya nini tena?” Ana haki ya kuuliza. Kazi hizo ni mazoezi kweli, na moyo unafaidika nazo. Ila kazi haikupimii. Zoezi linaanza na uzito unaoumudu, unaongeza kidogo kidogo, kisha unaupa mwili siku ya kupumzika ili misuli ijijenge. Gunia la mahindi halikuulizi jana ulibeba nini. Tena kazi hurudia upande uleule: anayebeba dumu kwa mkono wa kulia miaka yote, wa kushoto unabaki mgeni.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo. Ilionekana wanaweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Bibi zetu walijua walichokuwa wakifanya. Lakini piga hesabu: kwa mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12, na ndoo iliyojaa inazidi hapo kwa kilo 8. Pia kilichopimwa ni kutembea. Wengi mgongo huwashtuka wakati wa kujitwika na kutua.

Kuinua ndoo iliyo chini

Isogelee mpaka ikaribie kugusa miguu yako, maana mzigo ulio mbali na mwili unauvuta mgongo zaidi. Panua miguu usawa wa mabega, mmoja uwe mbele kidogo. Kunja magoti, sukuma matako nyuma, mgongo ubaki umenyooka. Shika, kisha inuka kwa mapaja huku ukitoa pumzi. Ukitaka kugeuka, geuza miguu; usipinde kiuno ukiwa na mzigo. Iweke kwanza juu ya jiwe linalofika kiunoni (Musoma mawe hatuna shida nayo), ndipo umwambie mwenzako, “Nitwishe.” Anayejitwika peke yake kutoka chini ili aonekane hodari anajiumiza bure.

Mapaja, matako na mgongo ndivyo vinavyofanya kazi hapo, na ndivyo vya kufanyia mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Vifaa vipo jikoni. Kaa kwenye stuli, inuka bila kujishika, rudia mara 8 hadi 12, pumzika, kisha rudia tena. Ikiwa rahisi, kumbatia kidumu cha lita 5 kifuani. Baadaye simama na kidumu hicho mbele ya mapaja, sukuma matako nyuma mpaka kidumu kifike magotini, halafu nyooka. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, ukikunja na kunyoosha viwiko. Ukuta ukizoeleka, hamia ukingo wa kitanda imara. Malizia kwa kuzunguka uani na vidumu viwili, kimoja kila mkono, mabega yakiwa sawa. Zoezi likishakuwa jepesi, ongeza maji. Kidumu cha lita 5 kikijaa, nenda cha lita 10.

Wazee wasiachwe barazani. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya kikundi kidogo cha wazee dhaifu, wenye miaka 86 hadi 96, waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Bibi aanze na stuli tu, mjukuu akiwa karibu.

Mazoezi nayo yana mpaka. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unapita kwa tabu. Gunia la kilo 100 ni la watu wawili au toroli, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni hasara kwa mkulima na kwa mbebaji pia.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye ngiri au presha aongee na mhudumu wa afya kabla ya kuanza. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Lakini maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti na mguu ukalegea, au ukapata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukawa hauzuiliki, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usikubali kukandwa mgongo kwanza.